Jinsi ya Kukusanya Nusu Dola za Franklin Zilizopangiwa Daraja

Kati ya sarafu za fedha za Marekani za katikati ya karne ya 20, nusu dola ya Franklin inamfaa sana anayeanza, na bado mkusanyaji mzoefu atashughulika nayo kwa miaka. Ilitengenezwa kuanzia 1948 hadi 1963 tu. Seti nzima ya sarafu za matumizi ya kawaida ina sarafu 35, na zote zinapatikana sokoni kila wiki. Mtu akiwa na pesa anaweza kuzikusanya zote 35 ndani ya mwezi. Kazi yenyewe ni kupata zile zilizopigwa vizuri, zenye uso safi, kwa bei inayolingana na kile kilichomo ndani ya kasha la plastiki, ambamo kampuni ya kupanga madaraja huifungia sarafu na kuandika daraja lake, yaani namba ya ubora wake, kwenye lebo. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo.

Hatua ya 1: Ijue sarafu kabla ya kufungua mfuko

Upande wa mbele una kichwa cha Benjamin Franklin, upande wa nyuma una Kengele ya Uhuru ya Philadelphia pamoja na ufa wake. Mchoraji ni John R. Sinnock, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu cha Marekani. Alifariki 1947 kabla ya kumaliza, na Gilroy Roberts akakamilisha. Kulia kwa kengele kuna tai mdogo sana. Yupo kwa sababu sheria ilitaka tai awepo kwenye sarafu ya thamani hiyo, naye akabanwa mahali palipobaki.

Vipimo vya kukariri: uzito gramu 12.5, kipenyo milimita 30.6, fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10, ukingo wenye meno. Fedha safi iliyomo ni gramu 11.25, yaani wakia 0.3617 ya kupimia madini. Kupata thamani ya madini, zidisha bei ya wakia moja ya fedha kwa 0.3617. Wakia ikiwa dola 30, sarafu ina fedha ya takriban dola 10.85. Fanya hesabu hii kila unapotajiwa bei, kwa sababu inakuonyesha ni kiasi gani unalipia fedha na ni kiasi gani unalipia daraja. Bei ya fedha ikishuka, sehemu ya kwanza inashuka nayo siku hiyohiyo. Sehemu ya pili inategemea wakusanyaji wengine wanaitaka sarafu hiyo kiasi gani.

Herufi ya kiwanda iko upande wa kengele, juu ya boriti inayoshikilia kengele. D ni Denver, S ni San Francisco, na pasipo herufi ni Philadelphia.

Hatua ya 2: Chagua seti, kisha uiandike

Anayenunua bila orodha hujikuta na sarafu nne za 1963-D na hana hata moja ya 1949-S. Chagua mojawapo kati ya hizi:

- Sarafu moja kwa kila mwaka, jumla 16. Unachagua kiwanda chenye bei nafuu kwa mwaka huo.
- Seti nzima ya miaka na viwanda, jumla 35.
- Sarafu za prufu, yaani zile zilizopigwa mahususi kwa wakusanyaji, 1950 hadi 1963, jumla 14.

Kwa anayeanza, tunapendekeza ile ya sarafu 16 katika daraja la MS64 au MS65 (maana yake iko Hatua ya 3). Inakufundisha kila kitu, na baadaye unaweza kuipanua hadi 35 bila kutupa chochote.

Katika seti ya 35, zinazostahili kufikiriwa mapema ni 1949-S na zile za San Francisco za 1951 hadi 1954. Ile ya 1955 ilitoka Philadelphia peke yake, na za matumizi zilikuwa karibu milioni 2.5 tu. Hata hivyo watu walizihifadhi kwa wingi tangu mwanzo, kwa hiyo usikubali kulipishwa kama adimu. Baadhi ya sarafu za mwaka huo zinamwonyesha Franklin kama mwenye meno yaliyotokeza. Hii ilitokea pale mihuri miwili ya chuma ilipogongana bila kipande cha fedha katikati, na alama ya bawa la tai ikabaki mdomoni pake. Wakusanyaji wanaiita Bugs Bunny, kwa jina la sungura wa katuni mwenye meno ya mbele. Inafurahisha kuwa nayo, na nyongeza ya bei inapaswa kuwa ndogo.

Hatua ya 3: Elewa daraja linasema nini

Kipimo kinakwenda kutoka 1 hadi 70. Kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, kisha kikachukuliwa kwa sarafu zote. Kuanzia 60 kwenda juu, herufi MS zinamaanisha sarafu haikuwahi kutumika madukani. AU 50 hadi 58 ina dalili ndogo za kutumika. Kwa prufu utaona PR kwenye makasha ya PCGS na PF kwenye yale ya NGC.

Kampuni mbili za kupanga madaraja zinazoaminika zaidi sokoni ni PCGS, iliyoanza kupokea sarafu 1986, na NGC, iliyoanza 1987. ANACS ni ya zamani kuliko zote mbili na kazi yake ni halali, ingawa mara nyingi sarafu zake huuzwa kwa bei ya chini kidogo. Kuna pia CAC, iliyoanza 2007 kwa kukagua sarafu ambazo tayari ziko ndani ya makasha na kuzibandika stika: ya kijani ikiwa sarafu ni imara katika daraja lake, ya dhahabu ikiwa inastahili daraja la juu zaidi. Kampuni nyingine nyingi zipo, na baadhi hubandika MS67 kwenye sarafu ambayo PCGS ingeipa MS63. Lebo ya kampuni usiyoifahamu ihesabu kama haipo, na ulipe bei ya sarafu isiyo na kasha.

Daraja ni maoni ya wataalamu waliotazama sarafu kwa muda mfupi. Maoni hayo yana thamani kubwa, lakini ndani ya MS65 kuna sarafu nzuri na sarafu iliyopita kwa shida. Kwa Franklin, tazama kwa mpangilio huu:

Kwanza shavu na taya. Ni uwanja mpana usio na mchoro, kwa hiyo kila mgongano wa ndani ya mifuko ya kiwandani huonekana hapo. MS63 inaweza kuwa na mikwaruzo kadhaa shavuni, MS65 iwe na michache midogo, na MS66 isiwe na mkwaruzo wowote unaovuta jicho. Pili, mwili wa kengele. Tatu, mng'ao. Iinamishe sarafu polepole chini ya taa moja: mwanga uzunguke juu ya uso kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mng'ao ukiwa wa kijivu uliokufa, sarafu imewahi kusafishwa kwa dawa mara nyingi mno, hata kama lebo haikusema hivyo.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuzia cha mara 5 hadi 10, taa moja yenye mwanga wa manjano inayolingana na wati 60 au 75 za balbu ya zamani, na chumba kilichozimwa taa nyingine. Kwa sarafu zisizo na kasha ongeza mizani inayosoma gramu 0.01. Nusu dola za Kennedy zisizo na fedha, zilizoanza 1971, zina gramu 11.34, kwa hiyo mizani huzitambua mara moja.

Hatua ya 4: Mistari ya kengele

Hapa ndipo pesa nyingi za sarafu hii zinapopatikana au kupotea. Chini ya kengele kuna makundi mawili ya mistari ya mlalo, moja juu na jingine chini yake. Sarafu iliyopigwa kwa nguvu ya kutosha, kwa muhuri ambao haujachakaa, huonyesha mistari hiyo bila kukatika kutoka upande mmoja wa kengele hadi mwingine. Nguvu ikipungua, fedha haijazi sehemu za ndani kabisa za muhuri, na mistari huyeyukiana katikati. Muhuri uliochoka huleta matokeo hayohayo. Kwa hiyo mistari iliyofifia haimaanishi sarafu imetumika. Inaweza kuwa MS66 yenye mng'ao mkali na bado kengele yake ikawa laini.

Sarafu yenye mistari kamili huandikwa FBL (Full Bell Lines) kwenye lebo. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: PCGS na NGC hawana sharti moja. PCGS inadai kundi la chini liwe kamili. NGC inadai makundi yote mawili. Ndiyo maana FBL ya NGC si dhaifu kuliko ya PCGS, na sarafu iliyokosa FBL kule NGC inaweza kuipata PCGS. Ufa wa kengele unapopita kwenye mistari hauhesabiwi kuwa kasoro, lakini mkwaruzo mzito uliokata mistari unaweza kuinyima sarafu herufi hizo.

Kukagua mwenyewe, weka taa iangaze kutoka juu ya kengele na usogeze sarafu kidogokidogo. Anza kushoto, fuata kila mstari hadi kulia. Sehemu ya kutilia mashaka ni karibu na ufa. Mwanga ukitoka mbele moja kwa moja, mistari iliyofifia huonekana kama ipo, na picha nyingi za wauzaji hupigwa hivyo. Omba picha ya pili yenye mwanga wa pembeni.

San Francisco ndicho kiwanda chenye kengele laini zaidi. Sarafu ya 1953-S ilitengenezwa zaidi ya milioni 4, tena zenye mng'ao mzuri si chache, lakini zenye FBL ni adimu kupita zote katika seti hii na hufikia bei ya gari. Mkusanyaji wa kawaida anunue 1953-S ya MS65 bila FBL na alale usingizi. Kundi jingine linalowashangaza watu ni Philadelphia za 1961, 1962 na 1963. Zilipigwa kwa mamilioni, mwaka 1963 peke yake zaidi ya milioni 22, lakini zenye mistari kamili katika MS65 kwenda juu ni vigumu kuzipata. Kinyume chake, kwa 1948-D au 1958-D nyongeza ya FBL ni ndogo, na hapo usinunue isiyo na FBL. Kwa pesa kidogo zaidi unapata sarafu iliyo rahisi kuuza.

Hatua ya 5: Hakikisha kasha ni la kweli

Makasha bandia ya PCGS na NGC yapo. Fanya haya kabla ya kulipa:

1. Ingiza namba ya cheti kwenye ukurasa wa uhakiki wa kampuni husika. Mwaka, kiwanda, daraja na FBL vyote vilingane na lebo.
2. Namba kulingana hakutoshi, kwa kuwa waghushi hunakili namba za kweli. Kama kampuni ina picha ya sarafu hiyo, linganisha mikwaruzo ya shavuni na mabaka ya rangi. Alama mbili zinazolingana kwa umbo na mahali zinatosha.
3. Chunguza ukingo wa kasha. Kasha la kweli huunganishwa kwa mawimbi ya sauti na mshono wake huwa sawa. Gundi, nyufa za pembeni au alama za bisibisi ni sababu ya kuacha.
4. Kwa makasha mapya ya PCGS yenye chipu, isome kwa simu.
5. Bei ikiwa nusu ya ile ya minada, jiulize kwa nini muuzaji hakuipeleka mnadani.

Hatua ya 6: Rangi

Kati ya 1947 na 1958 kiwanda kiliwauzia wakusanyaji seti zilizokuwa na sarafu mbili za kila aina, zikiwa zimepachikwa kwenye makaratasi magumu. Salfa ya kwenye karatasi hizo iliibadilisha fedha polepole. Ndiyo maana Franklin nyingi za miaka hiyo zina rangi za dhahabu, zambarau na bluu, au mabaka ya kahawia yasiyopendeza. Rangi nzuri huongeza bei, wakati mwingine mara nyingi, na mabaka huishusha hata kama daraja ni lilelile.

Rangi ya asili hubadilika taratibu kutoka toni moja hadi nyingine, na mng'ao huonekana ukipita chini yake. Rangi ya kutengenezwa kwa joto au kemikali huonekana kama imepakwa juu, hukatika ghafla, na hujaa ndani ya mikwaruzo ambayo ingepaswa kuwa mipya kuliko rangi. Usinunue sarafu ya rangi isiyo na kasha hadi uwe umeona nyingi za kweli mkononi.

Prufu zina jambo lake. Mihuri yake ilitiwa asidi ili michoro iwe na weupe kama umande, huku uwanja ukibaki kioo. Weupe huo uliisha muhuri ulipopiga sarafu chache tu. Kwa hiyo prufu yenye kichwa cheupe juu ya kioo, iliyoandikwa CAM, ni ghali kuliko ya kawaida, na ile yenye weupe mzito pande zote mbili (DCAM kwa PCGS, Ultra Cameo kwa NGC) ni ghali mno, hasa ya miaka ya mwanzo. Prufu ya 1956 ina aina mbili: ya kwanza tai wake amelala chini na ana manyoya manne kushoto kwa kitulio chake, ya pili amenyanyuka zaidi na ana matatu. Ya pili ndiyo ya kawaida.

Hatua ya 7: Tafuta bei, kisha uweke kikomo

Vitabu vya bei huonyesha kile ambacho muuzaji angependa kupata. Kumbukumbu za minada, kwa mfano za kampuni ya mnada ya Heritage, huonyesha kilicholipwa. Chukua mauzo matano ya mwisho ya mwaka, kiwanda, daraja na kampuni ileile, ondoa la juu na la chini, na utazame matatu yaliyobaki. Kama bei ya fedha imepanda sana tangu mauzo hayo, rekebisha kwa ile hesabu ya 0.3617.

Mnadani kumbuka ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20. Ukitaka jumla isizidi dola 300, gawanya kwa 1.2: kikomo chako ni dola 250, bado bila posta. Kiandike kabla ya mnada kuanza.

Idadi ya sarafu zilizopangiwa daraja, inayotangazwa na kampuni zenyewe, itumie kwa uangalifu. Watu huzitoa sarafu kwenye makasha na kuzirudisha wakitafuta daraja la juu, na sarafu moja huhesabiwa mara tatu au nne. Upande mwingine, sarafu za bei ndogo hazipelekwi kabisa, kwa hiyo huonekana adimu kumbe zimejaa kwenye madroo ya watu.

Kutoka MS65 hadi MS66 jicho lililozoea huona tofauti. Kutoka MS66 hadi MS67 tofauti ni ndogo sana, ilhali bei huruka vibaya kwa sababu ya watu wanaoshindania nafasi za juu kwenye orodha za seti za PCGS na NGC. Kama hushindani nao, simama kwenye MS66.

Kupeleka sarafu yako kupangiwa daraja

Jumlisha ada ya kampuni, posta ya kwenda na kurudi, na bima. Kisha tafuta bei ya sarafu hiyo ikiwa daraja moja chini ya unalolitarajia. Kama bei hiyo haifuniki gharama, iache ilivyo. Sarafu ya kawaida ya MS63 karibu kila mara haifuniki.

Usiisugue wala kuipaka dawa ya meno, soda au rangi ya kung'arishia. Sarafu iliyosafishwa hivyo hurudi bila namba, ikiwa imeandikwa kuwa na kasoro, na hakuna njia ya kuirudisha hali yake. Kitu kimoja kinachoruhusiwa ni kuondoa utando wa kijani unaonata, unaotokana na plastiki laini ya PVC. Loweka sarafu dakika chache ndani ya asetoni safi, kwenye chombo cha kioo, mahali penye hewa na mbali na moto. Isuuze kwa asetoni nyingine mpya na uiache ikauke bila kuifuta. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai kwa kuwa huchanganywa na manukato na mafuta.

Kuhifadhi

Kasha huzuia vidole na mikwaruzo, lakini hewa hupita. Kwa anayeishi Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Muscat, unyevu wa baharini na chumvi ni adui wa kila siku. Weka makasha wima kwenye sanduku la plastiki gumu lenye mpira wa silikoni mdomoni, pamoja na pakiti za jeli ya silika zinazobadilika rangi zikishajaa maji. Weka kipima unyevu kidogo ndani na ukishikilie chini ya asilimia 50. Usitumie raba za kawaida, sufu, makaratasi magumu ya zamani wala sanduku la mbao lililopakwa vanishi. Vyote hutoa gesi zinazoiharibu fedha.

Kama unaishi Afrika Mashariki na unanunua Marekani, wauzaji wengi hawatumi ng'ambo. Uliza idara ya forodha kuhusu ushuru kabla ya kulipa, na usikubali muuzaji aandike thamani ya uongo kwenye karatasi, kwa kuwa bima hulipa kile kilichoandikwa. Ukiwa na ndugu huko, apokee yeye na apige picha kasha siku lilipofika.

Kwa kila sarafu andika mwaka na kiwanda, daraja, FBL au hapana, kampuni, namba ya cheti, tarehe ya kununua, aliyekuuzia, na jumla uliyolipa pamoja na ada. Ongeza bei ya fedha siku hiyo. Piga picha pande zote mbili za kasha na uihifadhi orodha mahali tofauti na sarafu, kisha mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani ilipo. Wanaorithi sarafu bila orodha huishia kuziuza kwa uzito wa fedha.